Baa ya Mawe

Binamu yangu anaishi York, Uingereza. Siku niliyokwenda kumtembelea alinitumia ujumbe: "Ukishuka kwenye treni njoo Micklegate Bar, saa kumi jioni." Mimi ni mtu wa Moshi bwana, baa sihitaji kufafanuliwa. Mchana sikula kabisa, nikaacha nafasi ya mbuzi choma.

Nikafika kwenye lango moja la mawe, refu, lina minara na matundu ya kurushia mishale. Nikapita chini yake kutafuta baa. Nikarudi. Mara ya tatu nikamuuliza bibi mmoja. Akanyoosha kidole juu ya kichwa changu.

Ahaa, kumbe baa iko ghorofani! Pembeni kuna ngazi, nikapanda mbiombio.

Juu hakuna mhudumu, hakuna hata harufu ya nyama. Kuna njia nyembamba juu ya ukuta unaouzunguka mji mkongwe, kilomita 3 na ushei, na upepo wa Novemba unaokupekua hadi mifukoni. Baadaye nilielezwa kwamba York mtaa huitwa "gate", neno waliloachiwa na Waviking. Lango ndilo "bar". Na baa yenyewe ni "pub". Sasa mgeni atapona kweli?

Nilikuwa na andazi moja la stesheni. Nikalila nikitembea, manyunyu yalipoanza nikavaa mfuko wake wa karatasi kichwani, nikageuza. Ngazini nikakuta geti la chuma limetiwa kufuli. Ule ukuta hufungwa giza likiingia, na giza la kule mwezi huo halisubiri saa kumi na mbili. Simu nayo imezima.

Nikachungulia chini. Binamu huyo hapo, anaangalia saa! Nikachomoza kichwa katikati ya meno ya ukuta, nikapaza sauti: "Kakaaa! Wamenifungia huku juu!"

Sikujua kwamba chini kulikuwa na kundi la watalii, na mwongozaji wao alikuwa ndiyo kwanza anawasimulia habari za mwaka 1460, Richard wa York, kabaila aliyeutaka ufalme, alivyouawa vitani na kichwa chake kikatundikwa juu ya lango hilohilo, kimevikwa taji la karatasi.

Mama mmoja aliangusha mwavuli. Mzee mmoja akaniombea, nilimwona kabisa anapiga ishara ya msalaba. Binamu, damu yangu, akageukia upande wa pili kama mtu anayesubiri basi.

Mwenye ufunguo alifika baada ya nusu saa. Nilipoteremka, mwongozaji alikuwa bado ananisubiri. Nikajua anakuja kunipa pole. Akaniuliza kama kesho jioni nina nafasi, na kama ule mfuko bado ninao.