Kuoa, Kuolewa, Kuoana

Harusi ikipita Mji wa Kale wa Mombasa, swali la kwanza vibarazani huwa, "Kaolewa na nani?" Akitajwa bwana harusi, swali hugeuka: "Kamuoa nani?" Kitenzi ni kimoja, lakini mume ndiye mtenda na mke ndiye mtendwa. Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto aliyelelewa na kitenzi hicho hukua akiiona ndoa ni jambo ambalo mwanamke hufanyiwa. Wengine husema hiyo ni sarufi tu, tusiitwishe mzigo usio wake.

Hao wa kwanza wana hoja. Benjamin Lee Whorf, mwanaisimu Mmarekani aliyefariki mwaka 1941, alifanya kazi katika kampuni ya bima ya moto. Aliona kwamba watu walijihadhari penye mapipa yaliyojaa petroli, lakini penye mapipa "matupu" walivuta sigara bila wasiwasi. Kumbe pipa lililoishiwa petroli hubaki na mvuke, nao ndio mwepesi wa kulipuka. Neno "tupu" liliwapa amani isiyokuwapo.

Ila tusivuke mpaka. Pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, nilimtazama kijana wa bara aliyeanza kuuza madafu. Wiki ya kwanza, kwake yeye kila kitu kilikuwa nazi. Kitale, dafu, koroma, majina ya nazi kadiri inavyokomaa, hakujua hata moja. Lakini aligonga dafu kwa ubapa wa panga, akatega sikio, akalitenga lililopitiliza. Sikio lake lilipambanua kabla ulimi haujapata jina. Majina yalipokuja yalimfaa kwa jambo jingine, kuelewana na wakwezi wanaoleta mzigo na kuagiza anachotaka bila kukionesha kwa kidole.

Tena kama sarufi ingekuwa na nguvu zote hizo, Waswahili tungekuwa mfano wa usawa duniani. "Yeye" yetu haimtengi mwanamke na mwanamume. Ukisikia "amekuja", huenda ni babu, huenda ni bibi. Kiajemi na Kituruki ni vivyo hivyo. Lakini ni mwanamke gani aliyewahi kupewa nafasi barazani kwa sababu ya "yeye"?

Kwa maoni yangu, lugha haifungi fikra, huizoesha njia. Mazoea hayo si kitu kidogo, kwa sababu njia iliyokanyagwa sana hupitwa bila kuangaliwa. Ndiyo maana mimi husikiliza zaidi lile ambalo msemaji ameliacha. Kiswahili kina "tumeoana", neno safi lisilo na doa la ugeni, na halimpi yeyote kati ya wawili hao cheo cha mtenda peke yake. Anayesema "nimeolewa" hakukosa neno. Hilo limemjia kwanza, na hapo ndipo tunapoona fikra yake ilikozoea kupita.

Siku ya harusi yake, dada yangu, mtoto wa ami, aliingia ukumbini kwa wanawake akasema kwa sauti, "Haya, tumeoana!" Jirani mmoja hakusikia kwa ajili ya kelele, akamuuliza shangazi, "Asemaje?" Shangazi, ambaye alisikia kila herufi na machozi yalikuwa yakimlengalenga, akamjibu palepale:

"Asema keshaolewa."

Jirani akapiga kigelegele.