Banda la farasi lililoitangulia nyumba ya mfalme

Watu wakiiona Royal Pavilion, ile nyumba ya kifalme kule Brighton, Uingereza, wanashangaa zile kuba za Kihindi wakidhani zilianzia kwenye nyumba, kumbe zilianzia kwa farasi. Mwanamfalme George (baadae Mfalme George IV), huyu ambaye Bunge lilishambebea madeni zaidi ya mara moja, mwaka 1803 alimpa msanifu majengo William Porden kazi ya kumjengea banda la farasi, likaisha 1808: kuba lenye upana wa kama mita 24, farasi zaidi ya 40 wamezunguka duara, watunzaji wao wanalala ghorofani. Na yeye muda wote huo anakaa kwenye nyumba ya kawaida aliyojengewa na msanifu mwingine, Henry Holland! Msanifu John Nash ndo akaja 1815 akaivisha nyumba kuba na minara mpaka 1822, ikaendana na banda.

Malkia Victoria hakupapenda, mji ukanunua vyote 1850, na hapo ndo njia zikaachana. Nyumba imerudishwa ilivyokuwa enzi za George. Banda likawa ukumbi wa muziki 1867, halafu 1935 ndani wakafumua kabisa wakaweka staili ya kipindi kile, na ABBA, lile kundi la muziki la Sweden, wameshinda mashindano ya nyimbo ya Eurovision humo humo 1974.

Wanaotaka majengo ya zamani yasiguswe wana pointi, maana leo ukikaa kwenye kiti mle ndani huoni dalili yoyote kwamba kulikuwa na farasi, na ile ilikuwa moja ya kazi kubwa za Porden. Ila kutunza nyumba kama makumbusho nako sio mchezo jamani: chumba cha muziki kiliungua 1975, wakakirudishia kwa miaka mingi, kimbunga cha 1987 kikaangusha tufe la jiwe kutoka juu, likatoboa dari na kutua kwenye zulia jipya.

Mimi naegemea upande wa banda, kwa sababu linatumika na kiingilio cha shoo kinasaidia kulilipia, lakini 1935 walipitiliza. Jirani yake kuna jengo ambalo mwanamfalme alikuwa anaendeshea farasi, baadae likawa soko la nafaka, sasa ni ukumbi nalo, na kwenye ukarabati wa juzi juzi mbao zake za paa zimeachwa wazi uzione. Hata kwenye kuba wangeweza kubakiza angalau vibanda viwili vitatu.