Lugha Isiyo Bayana Inamlinda Nani?

Anayefuatilia maswali na majibu bungeni Dodoma analijua jibu hili: barabara itajengwa kwa kiwango cha lami kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge ameuliza lini, amejibiwa kwa sentensi isiyo na mwaka wala kilomita, na swali linalofuata linaitwa. Ukisikia majibu ya namna hiyo miaka nenda rudi, ni rahisi kuamini kwamba lugha isiyo bayana ni ya wakwepaji tu, na kwamba sheria, mikataba na ahadi zetu zingenyooka kama kila neno lingefungwa lisichezewe. Hasira hiyo naielewa. Hitimisho lake silikubali.

Tuitazame Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, inapogawa mali ya wanandoa walioachana, iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Kazi ipi? Sheria haikusema. Majaji wa Mahakama Kuu wakagawanyika. Wapo waliosema mke wa nyumbani alikuwa akitimiza wajibu wake wa ndoa tu, hivyo hana anachodai. Wengine waliona kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi kama kazi nyingine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikaumaliza ubishi katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe haikufua dafu kwa sababu nyingine, lakini msimamo uliowekwa siku ile wameutegemea wanawake wengi waliokuja baada yake.

Kama watunga sheria wa 1971 wangeamua kuorodhesha kila aina ya mchango, nina hakika wangeandika vile vilivyokuwa na karatasi: mshahara, hati ya kiwanja, risiti za saruji. Mama aliyeamka alfajiri kuwasha moto, akapeleka mtoto kliniki, akabana matumizi ya jikoni mpaka bati likanunuliwa, asingekuwamo. Neno pana ndilo lililomwachia nafasi. Hata hivyo kuna upande ambao watetezi wa maneno mapana hawapendi kuugusa: katika miaka ile ya mvutano, haki ya mwanamke ilitegemea jalada lake limeangukia kwa jaji gani. Waliopoteza kabla ya 1983 hawakurudishiwa chochote.

Nje ya mahakama, maneno yasiyofungwa yana heshima yake. Washenga wanapofika kuposa hawatamki shida yao moja kwa moja. Husema wameona ua katika bustani ya nyumba hii. Wenyeji wakiwa hawataki, hujibu kwamba ua bado changa au limeshapata mtunzaji, na kila mmoja anarudi kwake hadhi ikiwa kamili. Hapo hakuna anayedanganywa, maana pande zote mbili zinaujua mchezo na zina uwezo sawa wa kujibu. Usawa huo ndio ninaoutafuta kila nikisikia maneno ya kuzungukazunguka, na mara nyingi siuoni.

Wakenya wanalijua hili kwa uchungu. Katiba yao ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Kwa mabunge ya kaunti, ibara ya 177 imeeleza utaratibu: viti maalumu vinaongezwa mpaka hesabu itimie. Kwa Bunge la Taifa utaratibu haukuwekwa, kazi ya kuutunga ikaachiwa Bunge lenyewe. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilitoa muda hadi Agosti 2015. Muda ukapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, halikuvunjwa. Kanuni ni ileile katika katiba ileile, lakini kwenye kaunti ilitekelezwa na kwenye Bunge la Taifa ikakwama, kwa kuwa pengo liliachwa mikononi mwa wale ambao viti vyao ndivyo vingeguswa.

Kwangu mimi, basi, kipimo ni nani amepewa kulijaza pengo, na je, mnyonge anaweza kumfikia? Kwa kipimo hicho, mfano unaonitia hofu kuliko yote ni wa ardhi. Mwaka 1999 Tanzania ilitunga sheria mbili kwa pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema ardhi ya jumla ni ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji. Sheria ya Ardhi inaongeza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Isiyotumika kwa macho ya nani? Mfugaji huacha malisho ya kiangazi yapumzike masika yote, nyasi zikomae. Mkulima hulaza shamba misimu kadhaa ili udongo upate nguvu. Ofisa anayepita na gari mwezi wa Aprili ataona nyika tupu, na ardhi ikishahesabiwa kuwa ya jumla, msimamizi wake si halmashauri ya kijiji tena bali ni Kamishna wa Ardhi.

Najua hoja ya upande wa pili: nchi inahitaji ardhi ya uwekezaji, na sheria ikibana mno hakuna kitakachosogea. Lakini serikali haikosi njia. Sheria hizohizo zina utaratibu wa kuhamisha ardhi ya kijiji, wenye taarifa kwa wanakijiji na fidia. Nyongeza ile inatoa mwanya wa kuuruka utaratibu huo. Ifutwe, au kama lazima ibaki, basi wenye kutamka kwamba ardhi fulani haitumiki wawe mkutano mkuu wa kijiji, kwa muhtasari uliosainiwa.