Video ya kumuaga Mzee na ile kompyuta ya ukumbini

Ofisini ukishaonekana hata mara moja umechomoa karatasi iliyokwama kwenye printa basi umekwisha, kuanzia hapo wewe ni mtu wa kompyuta na hakuna wa kukuuliza umesomea nini. Mimi kazi yangu ni takwimu za wateja, lakini simu ya mezani ikilia ujue ni "njoo mara moja uniangalizie hiki kitu", unaenda, unakuta hicho kitu ni waya umechomoka.

Sasa Mzee alikuwa anastaafu. Mkurugenzi mwenyewe, mtu ambaye nusu ya sisi katuajiri yeye, kwa hiyo mama wa utumishi akaja na wazo kila idara ijirekodi salamu za kumuaga kwa simu, zote ziunganishwe ziwe video moja, ichezwe ukumbini siku ya sherehe. Wazo zuri kabisa, wala sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na kompyuta ya ukumbini.

Hiyo kompyuta lazima niieleze maana ndiyo staringi mwenyewe. Boksi jeusi, stika ya mbele imebanduka nusu, ukiiwasha unaweza kuzunguka ghorofa nzima kusalimia watu ukarudi ukaikuta bado inakukaribisha. Ina Windows 7, ile iliyotoka 2009, Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia Januari 2020 lakini pale kwetu haiondoki kwa sababu eti ndiyo peke yake inayoelewana na projekta. Na kweli, projekta imebaki na tundu moja tu linalofanya kazi, la VGA, na laptopu zote mpya za ofisi hazina tundu hilo, na adapta kila mtu anakumbuka aliiona mahali.

Binti wa fildi, mtoto mchangamfu sana, akaunganisha vipande vyote kwenye iPhone yake usiku mmoja, akaongeza muziki, akaongeza maua yanayodondoka. Asubuhi akaniletea kwenye flashi. Tukaenda kujaribu, mama wa utumishi akavuta kiti cha mbele kabisa kama ndiye mgeni rasmi. Nikabonyeza. Muziki ukaanza vizuri, sauti za watu wa masijala zikasikika wanamtakia Mzee maisha marefu, ila ukutani giza tupu.

"Mbona hawaonekani?"

"Wamo humo humo mama, picha ndiyo imegoma kufunguka."

"Wamo wapi? Si ndiyo hao wanaongea?"

Ikabidi nimweleze. Faili la video ni bahasha, mama. Hayo maandishi ya mwisho wa jina, mov au mp4 au avi, ni aina ya bahasha tu, ndani kuna barua, na barua imeandikwa kwa kitu kinaitwa kodeki, yaani lugha ya kubania picha na sauti. Sasa iPhone tangu 2017 zinarekodi kwa kodeki ya H.265 bila hata kukuuliza, na hiyo H.265 imepitishwa 2013, wakati hii Windows ni ya 2009. Bahasha inaijua, inaifungua, sauti inaisoma, ikifika kwenye picha inakodoa macho. Mama wa utumishi akaitikia kwa kichwa taratibu, halafu akasema, "Kwa hiyo ni virusi."

Nikasema ndiyo. Kuna siku unachoka.

Afisa manunuzi alikuwa anapita kwenye korido, na huyu bwana ana ugonjwa wa kutopita tu. Akaingia, akasikiliza sekunde kadhaa, akasema hilo mbona dogo, unabadilisha jina. Nikamwambia kaka kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo, akasema wewe acha, mimi nimefanya hivi miaka. Akashika mausi, akafuta mov akaandika wmv. Windows ikatoa kile kidirisha chake cha kuonya kwamba ukibadilisha hapa faili linaweza lisitumike tena, akabonyeza ndiyo kabla hata hakijamaliza kutokea. Akacheza. Kimya. Sasa hata sauti hakuna, masijala nao wamenyamaza. Akatuangalia, akasema "hii flashi ni feki," akaondoka.

Dawa ya haraka ingekuwa VLC, programu ya kuchezea video, ile inabeba kodeki zake yenyewe tumboni na haisumbui mashine kuuliza inajua nini. Lakini kuinstoli chochote pale inataka paswedi ya adimini, na ukileta programu ya kuendeshea kwenye flashi mashine inaikataa, wameifunga. Paswedi anayo kijana wa IT. Kijana wa IT yuko likizo, simu haipatikani, na kwa kweli sikumlaumu, ningekuwa mimi ningezima pia.

Basi imebaki kukonvati. Nikasema nitaifanya kwenye laptopu yangu nikimaliza ripoti, naomba asiguse mtu. Maneno hayo nilimwambia mama wa utumishi, naye akaenda kumwambia binti wa fildi kwamba Mzee anastahili ubora wa juu kuliko wote, na binti akitumwa hasubiri. Akakuta kwenye kompyuta ya mhasibu kuna kiprogramu cha zamani cha kubadili video, akachagua avi, akashuka kwenye orodha ya ubora mpaka akakuta sehemu imeandikwa bila kubanwa. Akaona hapo ndipo penyewe.

Wasiojua, video isiyobanwa ni hivi: fremu moja, yaani picha moja, ya nukta 1920 kwa 1080, kila nukta inakula baiti 3, inatoka kama megabaiti 6.2. Fremu 25 kwa sekunde inakuwa megabaiti 155. Kwa sekunde! Dakika moja inagonga gigabaiti 9 na ushee, na video yetu ilikuwa na idara zote, walinzi wakiwemo. Mhasibu alikuwa kwenye dawati la jirani anapitisha mishahara kwenye mashine nyingine, faili la mishahara linakaa kwenye hiyo diski waliyoshea, akabonyeza kusevu, akaambiwa diski imejaa. Nilisikia ile sauti kutoka ghorofa ya chini. Mtu akigusa mishahara ofisi nzima inakuwa na masikio, watu walitoka vyooni.

Tulipofika lile avi lilikuwa limeshameza kila nafasi iliyokuwepo na bado idara ya pili haijamaliza kusema habari za asubuhi. Binti machozi yanamlenga. Mhasibu anataka kujua ni nani kampa ruhusa, mama wa utumishi ghafla ana kikao. Afisa manunuzi naye katokea tena, akasema lisifutwe, liwekwe kwenye flashi yake, yeye ana ya gigabaiti 32 mpya kabisa. Likakataa. Akasema nafasi si ipo, nikamwambia ipo kaka, ila flashi nyingi za ukubwa huo zinakuja na FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na mfumo huo faili moja likipita gigabaiti 4 haulipokei hata ungekuwa na nafasi ya kupaki basi. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeitengeneza FAT32.

Tukalifuta. Mishahara ikasevu. Watu wakarudi vyooni.

Jioni nikakaa na HandBrake, programu ya kukonvati video, nikachukua ile mov ya asili, nikaichagulia H.264, kodeki iliyotangulia H.265, kwenye mp4, maana hiyo Windows 7 inaifungua yenyewe, nikashusha picha iwe 720 kwa sababu ile prosesa haina nguvu, ukiipa picha kubwa ya fremu 60 inacheza kwa kikohozi, fremu nikazifanya 30 zisizobadilika kwa kuwa simu huwa zinapandisha na kushusha zenyewe na mwisho mdomo unatangulia sauti. Feni ya laptopu ikanguruma mpaka mlinzi akachungulia. Kesho yake tukajaribu ukumbini: picha ipo, sauti ipo, maua yanadondoka. Mama wa utumishi akapiga vigelegele. Nikajiona mtu.

Siku ya sherehe ukumbi umejaa, Mzee kakaa mbele na mkewe, na video kwa kweli ilikwenda vizuri, walinzi wakapigiwa makofi kuliko wote. Nimeshaanza kukusanya waya zangu ndipo naibu mkurugenzi akaingia, katoka safari, anahema, flashi mkononi. Naye kajirekodi.

"Shikamoo mkuu. Naomba niipitishe kwanza kwenye laptopu yangu."

"Marahaba, marahaba. Hii ni mp4 ya kawaida tu."

Mama wa utumishi akaipokea juu kwa juu, akaichomeka. Na ilikuwa kweli mp4 ya kawaida, H.264 safi, ikafunguka hapo hapo. Isipokuwa naibu alikuwa amelala.

Unajua ukirekodi simu ikiwa wima, mara nyingi simu haiigeuzi picha yenyewe, inaiandika vile vile imelala halafu inaweka kijimaelezo ndani ya faili, kichezeshi tafadhali geuza nyuzi 90. Vichezeshi vya siku hizi vinasoma. Kile cha Windows 7 hakisomi. Kwa hiyo naibu mkurugenzi kalala ubavu ukuta mzima, suti kavaa, tai inaelekea dirishani, anasema "ndugu wafanyakazi" kwa sauti nzito kabisa. Ukumbi wote ukalaza shingo upande wa kulia. Mzee naye kalaza. Naibu mwenyewe, aliyesimama pembeni ya ukuta, kalaza.

Binti wa fildi akakumbuka kuna funguo za kugeuza skrini, zile kompyuta za zamani zenye kadi ya Intel ukibonyeza Ctrl na Alt na mshale skrini inageuka. Akakimbilia kibodi, kwa haraka akabonyeza mshale wa chini. Skrini nzima ikapinduka, naibu sasa kalala ubavu wa pili, na ukumbi kwa utiifu ukahamishia shingo kushoto. Mausi ndiyo balaa, ukiipeleka juu inashuka, ukiipeleka kulia inakimbilia kushoto, mama wa utumishi anahangaika kufunga anazidi kuifukuza.

Huku nyuma dereva, mtu wa vitendo, hakusubiri kompyuta. Kapanda kwenye meza, kaishika projekta, kaigeuza akailaza kwa ubavu, akaikingia na majalada mawili ya box isianguke. Na ikakaa! Naibu akasimama wima, kichwa kiko kwenye dari kinakatwakatwa na feni, viatu viko kwenye meza ya keki, lakini kasimama. Watu wakaanza kupiga makofi.

Na hapo hapo binti akaupata mshale wa juu.

Skrini ikarudi ilivyokuwa, projekta iko kwa ubavu, hesabu ikatoka naibu yuko kichwa chini miguu juu, uso wake mkubwa unamwangalia mke wa Mzee kutokea kwenye keki, feni inampiga viatu, na maneno yenyewe yaliyokuwa yanatoka wakati ule, nimesikiliza tena lile faili kuhakikisha, ni "Mzee ametufundisha kusimama imara katika kila hali."

Ukumbi ulilipuka. Mhasibu alitoka nje. Nikasogea nigeuze, Mzee akanyoosha mkono, machozi yanamtoka, akasema "mwacheni, mwacheni hivyo hivyo," na tukamwacha, akaendelea kuhutubia miguu juu mpaka ile projekta, ambayo majalada yalikuwa yameziba matundu ya kutolea joto, ikawasha taa nyekundu ikajizima yenyewe. Sauti ikaendelea gizani kuhusu nidhamu ya fedha.

Naibu sasa ndiye mkurugenzi na hajawahi kuligusia. Kijana wa IT karudi likizo, kaiwekea VLC ile kompyuta kwa muda mfupi kuliko kunywa maji. Na juzi nimeona fomu ya mahitaji ya mwaka ujao imepita mezani kwangu, mwandiko wa afisa manunuzi, chini kabisa baada ya karatasi na wino: "Projekta ya kusimama wima, 1. Flashi zisizo feki, 10."