Jambia na kitafunwa

Januari 1932 mabomu ya Japani yalianguka Shanghai, miezi michache baada ya Manchuria kutwaliwa. Mwaka huohuo, mjini humohumo, mwandishi wa Kichina Lin Yutang akaanzisha jarida la ucheshi. Neno lenyewe, youmo, alikuwa ameshalitohoa kutoka "humour" ya Kiingereza miaka minane nyuma, maana alitaka kicheko cha upole, cha mtu anayewaelewa wenzake na kuwahurumia. Je, nchi ikimegwa, mwandishi ana haki ya kukaa akasifia chai na tumbaku?

Lu Xun, mwandishi mwenzake mwenye kalamu kali, alikataa, na alikuwa na sababu. Alipokuwa akisomea udaktari Sendai, Japani, walionyeshwa darasani picha ya Mchina anayekaribia kukatwa kichwa kwa tuhuma ya kuwapelelezea Warusi, waliokuwa vitani na Japani. Wachina wenzake, watu wazima wenye afya zao, wamemzunguka wanatazama tu. Mwaka 1906 akaacha udaktari: mwili ukipona na moyo umelala, umepata nini? Ndiyo maana mwaka 1933 aliandika kwamba insha fupi iliyo hai sharti iwe jambia na mkuki, si pambo la mezani.

Ila upande wa pili una hoja nzito kuliko unavyopewa. Zhou Zuoren, mdogo wake Lu Xun, aliandika mwaka 1924 kwamba mtu anahitaji pia kutazama jua likizama, kusikiliza mvua, kunywa bila kiu na kula kitafunwa bila njaa, ndipo maisha yawe na ladha. Mimi hapo sioni uvivu. Namwona mtu anayeuliza tunapigania kitu gani hasa.

Inauma kwamba ni huyohuyo Zhou aliyekuja kushika cheo katika serikali ya vibaraka wa Wajapani Beijing, na baada ya vita akafungwa kwa uhaini. Wapo wanaoona hoja imeishia hapo. Sikubaliani nao, kwa sababu Lin, mpenzi wa chai ileile, miaka ya vita aliitetea China mbele ya wasomaji wa Marekani.

Na jambia nalo lilipata mwenyewe. Mwaka 1940 Mao, kiongozi wa wakomunisti, alimtukuza Lu Xun, tayari marehemu, kama amiri jeshi mkuu wa mapinduzi ya utamaduni. Miaka miwili baadaye, Yan'an, makao ya wakomunisti hao, akawaambia waandishi kwamba mtindo ule wa kuchoma ulifaa zama za giza; palipo na uhuru wa wanamapinduzi usiigwe hivihivi.

Lu Xun mwenyewe, katika insha ileile ya 1933, alikiri kuwa insha yaweza kumpa msomaji furaha na pumziko, mradi pumziko hilo limwandae kwa kazi na mapambano. Kwa mwaka ule nampa haki. Lakini insha ninayoirudia ni ile ya Zhou ya 1924, hasa mwisho wake, anapolalamika kwamba maisha ya China yamekauka: miaka kumi anazunguka Beijing, na hajapata kula kitafunwa kimoja kizuri.