Wikiendi ya Kuchora Majengo ya Kale: Penseli au Skana?

Ofisi ya usanifu majengo ya Dar es Salaam ikitenga wikiendi ya kuchora na kusoma majengo ya kale, mabishano huanza kabla hata gari halijapatikana. Wapo wanaotaka penseli, karatasi na tepu. Wapo wanaosema ikodiwe skana ya leza, mashine inayopima jengo kwa mwale na kulitoa kama nukta nyingi, kazi iishe kwa nusu siku, watu wapumzike.

Hoja ya skana ni nzito, na wapenzi wa penseli wasiibeze. Ukuta wa mawe ya matumbawe haujanyooka popote: umevimba katikati, umeinama juu, na unene wake unabadilika toka dirisha hadi dirisha. Skana inauchukua ulivyo. Inafika pia pasipofikika. Mnara wa Kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa 1898, haupimwi kwa tepu bila jukwaa. Mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulipima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa leza, na kazi ya kiwango kile haifanywi kwa mkono na watu sita ndani ya siku mbili.

Hata hivyo skana haimlazimishi mtu kuamua chochote. Plasta ya saruji iliyopigwa mwaka jana na chokaa ya enzi za Wajerumani zote zinatoka kama nukta. Anayechora hawezi kuweka mstari kabla ya kujua unawakilisha nini, kwa hiyo inabidi asogee, aguse, agonge. Plasta ikilia kama kitu chenye uwazi ndani, imeachana na ukuta. Sababu yake hujulikana: ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu toka ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Ukiupiga saruji, unyevu unakosa njia, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma hadi ibanduke. Alama ya eneo hilo ikiwekwa kwenye mchoro, fundi wa ukarabati anajua wapi pa kubandua na wapi pa kuacha. Vivyo hivyo upana wa vyumba: anayepima nyumba ya mawe na kukuta vyumba virefu lakini vyembamba, kila kimoja kama mita 2.5 hadi 3, atainua macho darini na kupata jibu kwenye boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka umbali mkubwa zaidi ya huo.

Kwa hiyo tunaegemea upande wa penseli, kwa sharti moja: mchoro uwe na vipimo. Picha nzuri ya mnara iliyochorwa kwa dakika ishirini inafundisha jicho, lakini haisaidii jengo. Tatizo la safari nyingi ni kupita majengo kumi, kila moja likapata mchoro mmoja wa haraka, na Jumatatu hakuna hata ramani moja ya sakafu. Afadhali jengo moja.

Kazi ni ya watu watatu watatu: mmoja anashika sifuri ya tepu, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika na kuirudia namba kabla ya kuiandika. Kwanza chora ramani ya chumba bila vipimo, kubwa ya kutosha kujaza karatasi. Ukianza kupima kabla ya hapo, namba zitakosa pa kukaa. Vipimo vya ukuta vichukuliwe mfululizo toka kona moja bila kuondoa tepu. Ukipima kila mlango na dirisha peke yake, kosa la milimita 5 kwa nafasi kumi na mbili linaweza kufika sentimita 6, na kuta za chumba hazitakutana kwenye mchoro. Pima pia kona kwa kona kimshazari, pande zote mbili, kwa sababu kona za chumba cha zamani hazijanyooka hata zikionekana hivyo. Kwa urefu wa kwenda juu, sakafu isiaminiwe: hamisha usawa mmoja kwa mpira uliojazwa maji kuzunguka jengo zima, piga mstari wa chaki, kisha pima juu na chini ya mstari huo. Timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni, itaonyesha ukuta umeinama kiasi gani. Kwa kipimo cha 1:50, yaani sentimita 1 ya karatasi kwa sentimita 50 za jengo, karatasi ya A3 inabeba jengo la kama mita 18 kwa 12 na kubakiza nafasi ya kuandika vipimo. Likizidi hapo, ligawe mapema. Wino uachwe ofisini, jasho na unyevu wa pwani huuharibu. Penseli za HB na 2B zinatosha.

Mahali nako kuna pande mbili. Bagamoyo ina utulivu, Caravanserai (kituo cha kale cha misafara), Boma la Wajerumani la 1897, na watu wakilala huko jioni wanakaa pamoja kulinganisha michoro. Faida hiyo ni kubwa. Lakini Dar es Salaam mjini ndiko majengo yaliko hatarini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863; Boma la Kale la Sokoine Drive, lililojengwa 1866–67 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, halimo kwa umri peke yake, sembuse nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, zinazobomolewa kupisha maghorofa. Hata Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua Julai 2021. Jengo likiondoka, kinachobaki cha kurejea ni michoro.

Mjini kuna vikwazo vyake: Jumamosi na Jumapili ofisi za serikali zimefungwa, kwa hiyo barua ya ruhusa ya kuingia ipelekwe wiki mbili kabla, Jumapili makanisa yana ibada, na kuelekeza kamera maeneo ya Ikulu ni kujitafutia matatizo.

Wafanyakazi nao wana hoja ya haki: wikiendi ni yao. Ofisi inayoita hii mafunzo iwalipe siku mbili za mapumziko, na itenge Jumatatu asubuhi ya kusafisha michoro wakati namba bado zinasomeka. Kila karatasi iandikwe tarehe, jina la jengo na waliopima. Nakala moja apewe mwenye nyumba, nyingine ipelekwe DARCH, kituo cha urithi wa majengo kilichomo humo humo Boma la Kale.