Nyuzi za fuwele zina nguvu kweli, ila boti ni suala jengine

Vijana wetu wa ufundi hapa Unguja siku hizi wana hoja moja wameishikilia kweli, kwamba makapi ya mpunga yanayotupwa kule Cheju yatolewe nyuzi za fuwele, hizi wiska, yaani vijiuzi vyembamba mno ambavyo kila kimoja ni fuwele moja, zichanganywe na alumini tupate boti nyepesi zisizovunjika. Wengine wanawacheka. Mie naona wanaocheka wamekosea na wanaoshabikia nao wamekwenda mbio mno.

Tuanze na makapi. Hilo limeshafanyika, Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani miaka ya 1970 walitoa wiska za silikoni kabaidi, kitu kigumu cha silikoni na kaboni, kwenye makapi ya mpunga, mana kapi lina silika, ile ile ya kwenye mchanga, na kaboni vimeshikana toka shambani, unalichoma bila hewa halafu unapandisha moto mpaka kama sentigredi 1,500 hivi.

Na nguvu ipo jamani. Chuma cha kawaida kinakubali kupinda kwa sababu ndani yake mpangilio wa atomi una kasoro na safu zinateleza hapo hapo penye kasoro, sasa wiska ni fuwele moja nyembamba ya maikroni moja mbili tu, yaani sehemu moja au mbili za elfu ya milimita, kasoro inakosa hata pa kukaa. Mwaka 1956 mtafiti mmoja, Brenner, alivuta wiska za chuma akafika gigapaskali 13, kipimo cha nguvu kwa eneo, yaani milimita mraba moja ingebeba zaidi ya kilo 1,300 wakati chuma laini cha kuchomea mageti kinakatikia kwenye kilo 40 hivi. Lakini ukiongeza unene nguvu inashuka, ndo mana huwezi kupata nondo ya namna hiyo.

Tabu inaanza kwenye kuchanganya. Wiska zinagandana mabonge, ukiisukuma alumini kwenye kalibu zinakatika vipande, na ile nguvu inapita kwenye mshikano wa wiska na alumini, mshikano ukiwa mbovu umepata hasara tupu. Hata ukifaulu, alumini inakuwa ngumu lakini haivutiki tena, inapasuka ghafla, na boti inayogonga mwamba pale Nungwi inataka bati linalobonyea kabla ya kutoboka! Halafu kuna chumvi, alumini iliyochanganywa hivi inashambuliwa na vitobo vya kutu baharini kuliko alumini tupu.

Linalonitia hofu zaidi ni vumbi. Wiska ukizivuta zinaingia mapafuni kama asbesto, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka hizi za silikoni kabaidi kundi la 2A, yaani yumkini zinasababisha saratani. Sasa karakana zetu hizi, fundi amejifunga kitambaa puani, milango wazi na watoto wanapita wakitoka skuli, hapana wallahi.

Wiska zilipofanikiwa ni kwenye vipande vidogo, mfano ncha za kukatia aloi ngumu za nikeli, yaani nikeli iliyochanganywa na metali nyengine, wiska zikiwa ndani ya seramiki ya alumina, ambayo ni alumini iliyoungana na oksijeni. Kwa hiyo mwenye hamu na makapi ya Cheju mie ningemwambia aanze na majivu yake kwenye saruji, ukiyachoma kwa moto wa wastani silika yake inashikana na chokaa vizuri, na wala hayahitaji tanuri la sentigredi 1,500.